Utani wa familia ambao chanzo chake hakieleweki, tuusahihishe au tuuache?

mjukuu_mkorofi: Wadau naombeni maoni. Kwetu mtu akiaga tu lazima mmoja adakie "ngazi umebeba?" basi nyumba nzima kicheko, hadi vitoto vinasema na havijui imetoka wapi. Ni babu, alienda kumtengenezea jirani paa, akabeba nyundo, msumeno, hadi kigoda cha kupumzikia, kufika kule ngazi hana. Sasa bibi anasema aliyesahau ni mjomba, mjomba anaapa alikuwa hajazaliwa, na mimi jamani naiona kabisa sura ya babu anavyotazama juu, wakati hata mama alikuwa bado mdogo!! Mke wangu naye kalalamika tunacheka tunamwacha solemba.

shangazi_mpole: Hahaha hiyo ya kuona sura ni kawaida. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha utafiti 1995, watu 24 walipewa visa vya utotoni vilivyotoka kwa ndugu zao, kimoja cha kutunga eti waliwahi kupotea dukani, na hadi mwisho 6 wanakikumbuka, chote au kipande. Sasa wewe unayeisikia ya ngazi tangu unanyonya utaachaje kuiona?

mjukuu_mkorofi: Nimemuuliza mama sasa hivi, anadai ngazi ilikuwepo, kilichosahaulika ni misumari. Nimechoka.

kimya_kingi: Msisahihishe chochote, huo ubishi ndio utamu wenyewe. Ila mrekodi bibi kwa simu, alafu mjomba kivyake asisikie ya bibi. Kuna wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake, mfano wazazi walikutanaje, na waliojua mengi walionekana kujiamini zaidi. Sio kwamba ukimkaririsha mtoto stori anapona kila kitu, nadhani ni ile kukaa pamoja mkapiga soga.

binti_wa_mwisho: Mi nauliza, mjomba anacheka au anachekwa? Maana kuna ndugu yetu alibandikwa jina kwa kitu alichofanya akiwa darasa la tatu, likamfuata hadi harusini kwake, siku hizi tukikutana haji. Na huyo mke usimweleze mezani mbele ya watu, utani ukielezwa unakufa papo hapo. Mwache akae na bibi amuulize mwenyewe, bibi atamsimulia na mengine ambayo nyie wote hamjawahi kuyasikia.