Pickford hakupewa hata kadi ya njano, halafu bado mnaniambia "bahati mbaya"

Wakuu, leo natema nyongo. Mods, lugha ikiwa kali nivumilieni, uzi msiufute.

Kila dabi ya Merseyside, Everton na Liverpool yangu, ikikaribia, humu ndani wanaibuka watu wale wale na sentensi ile ile: "Ile ya Van Dijk ilikuwa ofsaidi, kwa hiyo hapakuwa na rafu." Wanasema ile siku kipa wa Everton, Pickford, alipomuumiza beki wetu. Wiki hii nimeikuta tena, na chini yake watu wazima wanapiga makofi. Nimechoka.

Turudi Goodison Park, uwanja wa Everton wakati huo, 17 Oktoba 2020. Mane wetu ameshafunga dakika ya 3. Dakika chache mbele, mpira unaingia kwenye boksi la Everton, Van Dijk anaufuata, Jordan Pickford anatoka golini mbio na kujirusha miguu yote miwili mbele, mkasi kabisa, goti la kulia la jamaa likabaki katikati. Udakaji wa namna hiyo mimi sijawahi kuuona. Van Dijk akatoka anachechemea, Joe Gomez akaingia, na kano ya goti, hiyo mnayoiita ACL, ilikuwa imekwenda. Akafanyiwa upasuaji, msimu wote akawa nje, na Euro iliyochezwa 2021 akaitazama kwenye runinga kama mimi na wewe. Huyu ni mtu ambaye msimu uliotangulia alicheza mechi zote 38 za ligi.

Pickford akaendelea na mechi mpaka mwisho. Hakuona kadi ya rangi yoyote.

Sasa hiyo ofsaidi yenu. Kuotea kunafuta penalti, sawa, na sijawahi kubisha. Mpira uanze kwa Everton, hakuna tatizo. Lakini sheria ya 12 inasema rafu inayohatarisha usalama wa mpinzani, au iliyotumia nguvu kupita kiasi, ni kadi nyekundu, na hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kama aliyeumizwa alikuwa ameotea". Dereva akimgonga mtu aliyevuka nje ya zebra, mnamwambia apige gia aende zake? Na nia nayo msiniletee. Refa hahukumu roho ya mtu, anahukumu miguu yake ilikuwa wapi na iliingia kwa kasi gani. Mimi naamini kabisa Pickford hakuamka asubuhi na mpango wa kumvunja Van Dijk. Haibadilishi kitu.

Na hili si langu peke yangu. Refa mwenyewe wa siku ile, Michael Oliver, alikuja kukiri mwezi Januari 2021 kwamba akili zao wote ziliishia kwenye kuotea, rafu hawakuitazama ipasavyo, na kwamba wangeweza kabisa kuanzisha mpira kwa kuotea na bado kumtoa Pickford nje. Refa kakubali, wewe uliyeko Mbezi unambishia!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mechi ile ile, mwishoni, Richarlison wa Everton alimwingia Thiago wetu kwenye goti, akapewa nyekundu papo hapo, na mechi tatu akakaa nje. Thiago naye alirudi karibu na mwaka mpya. Kwa hiyo sheria ilikuwepo, refa alikuwa yule yule na kadi ilikuwa mfukoni. Kwa Richarlison iliwezekana, kwa kipa ikashindikana. Kisha dakika za nyongeza Henderson wetu akafunga, VAR (waamuzi wa video) ikachora mistari yake, ikamkuta Mane ameotea kwa nywele, ikaisha 2-2. Macho ya kupima kwapa la Mane yalikuwepo, ya kutazama njumu mbili kwenye goti la mtu yakakosekana.

Mnajua kwa nini? Nitawaambia ninavyoona. Waamuzi, na sisi mashabiki pia, tunahukumu kwa kelele. Rudini uwanja ule ule, Goodison, Novemba 2019. Son Heung-min wa Tottenham alimchezea rafu André Gomes wa Everton kwa nyuma, rafu ya kawaida ya kadi ya njano, na refa Martin Atkinson alishatoa njano. Gomes akaanguka vibaya, kifundo cha mguu kikageuka, wachezaji wakashika vichwa, Son akaanza kulia. Njano ikabadilishwa ikawa nyekundu. Siku chache baadaye FA, chama cha soka cha England, wakaifuta ile kadi, na walikuwa sahihi kuifuta. Kwa Son waliadhibu jeraha. Kwa Pickford hapakuwa na mfupa wowote uliotoka nje, hapakuwa na damu, Van Dijk alitembea mwenyewe mpaka nje, basi rafu ikaonekana haipo. Goti likikatika kwa ndani kamera haioni.

Halafu kuna hii kinga ya makipa. "Kipa ana haki ya kutoka." Atoke, nani kamkataza? Hii hadithi tunayo tangu nusu fainali ya Kombe la Dunia 1982 kule Seville, Harald Schumacher alipomvaa Patrick Battiston wa Ufaransa hewani, meno yakamtoka, pingili ya shingo ikaumia, akabebwa hana fahamu. Refa akatoa goli kiki. Hata faulo hakupuliza! Schumacher akabaki uwanjani na kwenye matuta akapangua mbili, Ujerumani ikaenda fainali. Miaka 38 baadaye, na VAR juu, tukarudia darasa lile lile.

FA nao ndio wakamaliza kabisa. Waliambiwa wachukue hatua baada ya mechi, wakasema haiwezekani kwa kuwa waamuzi, VAR ikiwemo, walishaliona tukio. Yaani ukikosewa na mtu aliyetazama, kosa halirekebishiki kwa sababu alitazama. Liverpool wakaandika kwa Ligi Kuu kuomba maelezo. Van Dijk akawa yupo kwenye meza ya upasuaji.

Ndugu zangu wa Everton wa hapa Bongo, nawajua. Wengi wenu mlianza 2017, SportPesa walipoileta timu Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia na Rooney akafunga. Karibuni sana, mpira ni wa wote. Lakini msiniambie "Liverpool walitafuta kisingizio cha kupoteza ubingwa". Hesabu ni hii: Joe Gomez aliyemrithi Van Dijk akaumia goti Novemba, Matip msimu wake ukaisha Januari, tukawa tunampanga Fabinho na Henderson beki wa kati. Tukamnunua Ben Davies kutoka Preston na hakucheza mechi hata moja. Tukafungwa mechi sita mfululizo za ligi pale Anfield, na mojawapo ni yenu, 0-2 Februari 2021, ushindi wenu wa kwanza pale tangu 1999. Pickford golini, mzima wa afya. Tulimaliza wa tatu kwa pointi 69. Sisemi tungechukua kombe, Manchester City walikuwa na 86 na walistahili. Nasema hayo yote yalianzia kwenye tukio moja ambalo aliyelifanya hakupoteza hata dakika tano za kucheza kwa adhabu.

Na nyie wa upande wangu mliokwenda kumtishia Pickford kumuua mitandaoni, ninyi ni wajinga. Mlichofanya ni kumpa huruma asiyostahili, na mjadala ukahama kwenye goti ukaenda kwenye matusi yenu. Mpaka leo mtu akikosa hoja ananirushia hilo.

Lawama yangu kubwa iko kwenye chumba cha VAR. Pickford ana sekunde moja ya kuamua na akaamua vibaya. David Coote, refa wa VAR siku ile, alikuwa na viti, skrini na marudio ya kila upande, na hakumwita Oliver kwenye runinga ya pembeni. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Najua comment ya kwanza itakuwa ile video iliyovuja 2024, Coote akimtukana Klopp, kocha wetu wa zamani, mpaka PGMOL, chombo cha waamuzi wa England, wakamfukuza Desemba. Video ni aibu, na kufukuzwa kulimfaa. Ila haithibitishi kwamba siku ile alifumba macho makusudi, na mimi sijasema hivyo popote hapo juu. Mwenye hoja za njama afungue uzi wake. Hapa nataka shabiki wa Everton mmoja tu anijibu: kwa nini Richarlison mechi tatu na Pickford sifuri?