Mlenda wa kukausha umeniharibikia, mama mkwe hakuula. Naomba msaada

MkweWaChamwino: Habari za jioni wadau. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa Dodoma. Mama mkwe wangu anatoka Chamwino, amekuja kukaa nasi, na kwake chakula ni ugali wa uwele na mlenda. Mwezi uliopita nilichuma mlenda pori shambani, nikauanika juu ya bati siku moja, jua kali, jioni nikauweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Juzi nimeufungua: harufu ya uvundo, majani ya chini yamepata weupe weupe. Niliokota ya juu nikapika. Mama alichovya tonge moja, akaliweka pembeni ya sahani, akamalizia ugali na maziwa, hakusema neno. Iliniuma sana. Mvua zinaelekea kukatika na mlenda mbichi utaisha. Nianike vipi ili ufike kiangazi?

BintiKongwa: Mbukwenyi dada. Pole, ila kosa linaonekana. Bati huchoma jani juu, vikonyo vinabaki na maji, na ukifunika ndoo maji hayo yanarudi kwenye majani. Chambua vikonyo vyote. Tandaza kwenye mkeka, tabaka moja, barazani penye kivuli na upepo, geuza asubuhi na jioni. Kwetu huchukua siku tatu, nne. Chukua jani, lisugue kiganjani: likisagika kama tumbaku, limekauka, likijikunja tu, bado. Hapo utwange kwenye kinu, uchekeche, uache upoe ndipo utie kwenye kibuyu au chupa kavu. Bibi yangu aliuita ilende na kibuyu chake kilining'inia darini juu ya moshi. Wakati wa kupika, maji yachemke kwanza, nyunyiza unga kidogo kidogo huku unapekecha kwa upekecho, la sivyo utapata madonge. Karanga zilizotwangwa zitie mwishoni.

Mlishe_Dom: Hayo ya ndoo yamwage yote, hata yanayoonekana mazima. Na karanga zako zichambue moja moja: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu huohuo. Kivuli alichosema BintiKongwa kina faida nyingine: jua kali hupunguza vitamini A kwenye majani, ndiyo maana yaliyokauka kivulini hubaki ya kijani. Chuma machanga kabla ya kuzaa maganda ya mbegu, kwani mbegu za mlenda zina sumu inayogusa moyo.

Msafiri_Singida: Usisahau mbuyu. Majani yake machanga ya mwanzo wa mvua yanakaushwa na kutwangwa vilevile, nayo huteleza. Niliwahi kuishi Kano, Nijeria. Wahausa huyaita kuka, wanauza unga wake sokoni kwa vipimo na kuupikia mchuzi. Na Misri mlenda wanauita mulukhiya, wanaukausha pia. Nilipouonja mara ya kwanza nilihisi niko Manyoni.

MkweWaChamwino: Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nimeshamwaga. Swali moja: mama ana presha, na mlenda wake anataka uwe na magadi. Je, niweke?

Mlishe_Dom: Magadi ni sodiamu, kwa presha si rafiki. Unga uliotwangwa laini huteleza wenyewe, jaribu bila magadi. Akilalamika, weka chembe kidogo na chumvi uache kabisa. Mwulize pia daktari anayempa dawa.

BintiKongwa: Na mwite jikoni ashike upekecho mwenyewe, dada. Atakuonyesha uzito anaoutaka.

MkweWaChamwino: Kesho asubuhi tunakwenda naye shambani kuchuma. Mkeka nimeshautandika barazani.