Nyumba ya baba Ngamiani inavuja, nami nina madeni matatu. Hesabu zangu hizi hapa

Binti wa Reli

Habarini wakuu. Poleni kwa uzi mrefu, ila nikiufupisha mtaniuliza maswali kumi.

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, akajenga Ngamiani nyumba ile mnayoijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko na choo. Kuta za mbele ni matumbawe na chokaa, za uani ni miti na udongo uliopigwa plasta. Baba ametutoka mwaka jana, mama alishatangulia. Tumebaki wanne, kaka wawili na dada wawili. Ninayeishi humo ni mimi na wanangu. Vyumba viwili vya uani vina wapangaji, 40,000 kila kimoja.

Paa ndilo linaloniua. Upande wa uani bati zimeliwa na kutu hadi usiku wa mbalamwezi hatuhitaji taa. Vuli hii imeanza juzi tu na tayari nina ndoo nne ukumbini. Ukuta wa chumba cha mwisho umeanza kuvimba chini.

Nimemwita fundi, kanipa makadirio ya 9,800,000. Ndani yake kuna kupaua upya nyumba nzima, plasta ya simenti kuta zote, vigae sebuleni, dari la jipsamu, grili na rangi. Nilimwambia paa linavuja, yeye akaniandikia jumba la kitajiri la Raskazone.

Sasa madeni. Mshahara wa msingi ni 980,000. Ukishatoa PSSSF (mfuko wa pensheni), bima, kodi, chama cha wafanyakazi, Bodi ya Mikopo na ile asilimia 15 yao, kisha mkopo wa benki 215,000, zinanifikia kama 409,000. Mkopo wa benki umebakiza miaka mitatu. SACCOS nadaiwa 1,200,000, narejesha 60,000 kwa mwezi, riba asilimia 1 ya salio. La tatu ni kausha damu wa mtaani: 500,000 nilizochukua kwa ada ya mtoto wa chuo. Kila mwezi nampelekea 100,000 ya riba, mtaji umekaa palepale kama mgeni aliyezoea nyumba. Nina mchezo wa kina mama wa 50,000, mwezi ujao napokea mimi, 600,000.

Mkononi kwa mwezi zinabaki 199,000, na kodi ya wapangaji 80,000. Hapo ndipo tunapokula.

Swali: ile 600,000 niinunulie bati kabla ukuta haujalala, au nimpe kausha damu? Na kuna afisa wa benki ananipigia simu karibu kila wiki kwamba naweza kuongezewa mkopo nikamaliza nyumba yote, makato yapande kidogo tu. Nikiri, usiku mvua ikinyesha huwa namfikiria.

Hesabu Kali

Dada, kabla hujamfikiria tena huyo afisa, tufanye hesabu. Hujataja riba, nakadiria asilimia 16 kwa mwaka, ambayo kwa watumishi si ya kushangaza. Kwa rejesho la 215,000 na miezi 36 iliyobaki, salio lako ni kama 6,100,000.

Wanapokuongezea hawakupi mkopo wa pili juu ya ule wa kwanza. Wanakupa mpya, unalipa wa zamani, unaobaki ndio wako, na miaka inaanza kuhesabiwa upya. Tuseme wanakupa 12,000,000 kwa miaka saba. Wanakata 6,100,000 yao, unaondoka na 5,900,000, na hapo sijatoa bima wala ada ya kushughulikia. Makato yanakuwa kama 238,000. Umeona? Yamepanda 23,000 tu. Afisa hajakudanganya.

Sasa zidisha. Leo ulikuwa umebakiza 215,000 mara 36, yaani 7,740,000. Baada ya kuongezewa unadaiwa 238,000 mara 84, karibu 20,000,000. Kwa hiyo ile 5,900,000 uliyoshika mkononi umeinunua kwa zaidi ya 12,000,000. Na bado haifiki 9,800,000 ya fundi wako.

Utaambiwa unaruhusiwa kwa sababu inabaki theluthi ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 980,000 ni kama 327,000, kweli hawataigusa. Lakini sheria hiyo inamzuia mwajiri kukukata kupita kiasi, haikulindi na kausha damu wala SACCOS unayolipa kwa mkono. Kwenye karatasi wewe ni mzima. Nyumbani unakula 199,000.

Kuhusu mchezo: 500,000 yote kwa kausha damu siku hiyohiyo, mbele ya shahidi, na urudishiwe karatasi yako. Asilimia 20 kwa mwezi hakuna bati linaloishinda. Wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, huyo wako anakula karibu mara sita ya hapo. Ukimlipa Novemba, kuanzia Desemba hadi Machi ile 100,000 yake inarudi kwako mara nne, ndipo ununue bati. Ukinunua bati kwanza, Machi utakuwa na bati kumi na nne na deni lilelile.

Fundi Kenchi

Hesabu Kali kasema vizuri lakini yeye hajawahi kuona ukuta wa udongo unavyolala. Hautoi notisi. Dada, ule ukuta uliovimba chini ndio wa kuangalia wiki hii, si mwezi ujao. Gonga kwa mkono: ukitoa sauti ya uwazi, plasta imeachana na udongo. Bandua sehemu hiyo, angalia miti. Chomeka bisibisi. Ikizama kirahisi, mti umekwisha, weka egemeo la mbao kabla ya kitu kingine na mpangaji ahamie chumba kingine.

Kwa sasa nunua turubai zito, lifunge juu ya upande wa uani kwa kamba na mifuko ya mchanga, usipigilie misumari. Matundu madogo yazibe. Hii 100,000 inayobaki kwenye mchezo inatosha na chenji. Turubai zuri litakuvusha vuli. Masika halivuki, nisikudanganye.

Na chimba mfereji nyuma ya nyumba. Nyumba nyingi za Ngamiani barabara imeinuka kwa miaka, nyumba imebaki chini, maji ya mtaa yote yanaingia uani. Watu wanalaumu paa kumbe nusu ya unyevu unatoka ardhini. Koleo na siku moja ya jasho, haina gharama.

Sasa hayo makadirio. Plasta ya simenti kwenye matumbawe FUTA. Ukuta ule umejengwa kwa chokaa ili upumue. Ukiuvika simenti, maji yanayopanda kutoka chini yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, baada ya masika mbili plasta inadondoka vipande na imeondoka na uso wa jiwe. Palipobomoka ziba kwa chokaa na mchanga. Chokaa ipo hapahapa Tanga, upande wa Amboni, huna haja ya kuagiza mbali.

Jipsamu chini ya paa linalovuja nimeiona mara nyingi. Inakaa msimu mmoja, halafu inamwangukia mtu kitandani.

Paa usipaue lote. Umesema mbaya ni upande wa uani. Kwa nyumba ya kipimo hicho nakisia bati 26 za mita tatu. Chukua geji 28, usikubali 32 ambayo ni nyembamba hata ukipewa bei ya kutupa, upepo wa bahari unaitafuna. Kwa 42,000 ni 1,092,000. Mbao za papi (zinazopigiliwa bati) zenye dawa, misumari na kofia za mgongo wa paa 350,000. Ufundi 250,000. Jumla 1,692,000. Bati za zamani zilizo nzima usimwachie fundi, zitafunika jiko na choo.

Na hakikisha anayepanda juu anaangalia nyaya. Nyumba za enzi hizo nyaya zinapita kwenye boriti, maji yakiingia humo si suala la ndoo tena. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, si kijana wa mtaani.

Bwana Mipango

Mimi naona dada uza tu mgawane. Nyumba ya udongo mjini ni kuchelewesha. Kiwanja Ngamiani kina bei.

Binti wa Reli

@Bwana Mipango asante, kaka yangu mkubwa naye alisema hivyo siku ya arobaini. Tulimwelewa, tukamwambia anywe chai.

@Fundi Kenchi nimegonga. Unatoa sauti ya uwazi, kama mita moja. Mpangaji nimemhamishia chumba cha ukumbini leo jioni, kalalamika, nimempunguzia 10,000 mwezi huu. Bisibisi imezama kwenye mti mmoja, miwili mingine migumu.

Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu, pole kwa msiba. Wenzio wamezungumza bati na riba, hakuna aliyekuuliza nyumba ni ya nani.

Baba kafariki mwaka jana. Je, msimamizi wa mirathi kateuliwa na mahakama? Kama bado, unapeleka fedha zako kwenye mali ambayo kisheria bado iko mikononi mwa marehemu. Ukiweka 1,692,000 kimyakimya, siku ya kugawana utaambiwa "nani alikutuma?" Na wengine watasema ulikuwa unakaa bure. Nimeyaona haya kwa macho yangu, tena kwa watu waliokuwa wanakula sahani moja.

Halafu hizo 80,000 za wapangaji. Hizo si zako peke yako. Ni kodi ya nyumba ya warithi. Unakula na wanao, sikulaumu, lakini ikiandikwa vibaya itageuzwa kuwa kesi.

Itisha kikao. Mpige simu na yule aliye mbali. Muandike: nyumba haiuzwi kwa sasa, kodi ya wapangaji inaingia kwenye mfuko wa matengenezo, gharama za paa zinagawanywa, risiti zinatunzwa na mtu mmoja. Wote watie sahihi na mashahidi wawili.

Binti wa Reli

Shikamoo shangazi. Msimamizi ni kaka wa pili, Mahakama ya Mwanzo ilimpitisha mwezi wa nne. Mgawanyo wenyewe ndio haujafanyika. Ile ya kodi umenipata, sikuwa nimeiwaza hivyo na wala hakuna aliyewahi kuuliza.

Tumefanya kikao jana kwa simu, dada yuko Muscat. Kaka mkubwa alianza na lilelile la kuuza. Nikamsomea hesabu ya Fundi Kenchi: 1,692,000. Kodi ya Desemba hadi Machi, 320,000, iingie kwenye paa, inabaki 1,372,000. Akasema haya, tugawe kwa wanne sawasawa, 343,000 kila mtu.

Dada wa Muscat, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: urithi tunagawana sawasawa? Kimya. Akasema kama wanaume wanachukua mafungu mawili ya nyumba, basi wachukue na mafungu mawili ya bati. Kaka msimamizi alicheka hadi simu ikakatika. Ndivyo ilivyoandikwa: kaka kila mmoja 457,000, sisi kila mmoja 229,000 hivi. Mkubwa kakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua rangi ya bati. Achague.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Mchezo ukitoka, 500,000 kwa kausha damu mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. 100,000 ni turubai, egemeo na kamba. Kuanzia Desemba natenga 57,000 kila mwezi hadi Machi. Kodi ya wapangaji sigusi, kwa hiyo nitakuwa naishi kwa 242,000 badala ya 279,000 za sasa. Itabana, ila zamu za usiku Desemba huwa nyingi. SACCOS naendelea na 60,000 bila kukimbizana nayo, riba yake haina makali. Afisa wa benki nimemwambia asinipigie tena hadi mkopo uishe. Vigae, grili na dari nimevikata kwa kalamu nyekundu.

Ninachobishana nacho kidogo, Hesabu Kali, ni hiyo ya kusubiri hadi Machi ndipo tununue. Machi mafundi wote wa Tanga wako juu ya paa za watu na bei nao wanaijua. Nataka tununue kadiri michango inavyoingia, bati tano, bati sita, nizihifadhi ndani.

Hesabu Kali

Kwa mgawanyo huo wa kwenu sina la kuongeza, dada wa Muscat aajiriwe. Nunua kidogokidogo, sawa, mradi risiti iandikwe jina la msimamizi na si lako.

Fundi Kenchi

Hifadhi ndani lakini ziwe kavu kabisa, zisimame kwa kuegemea, usizilaze chini zikabanana. Maji yakikaa katikati ya bati mbili mpya yanaacha madoa meupe na kutu inaanzia hapo kabla hujapaua. Na zote ziwe za kiwanda kimoja na geji moja, usije ukapata migongo isiyoingiliana. Huyo kaka achague rangi leo, asibadilishe Februari.

Kuhusu mti uliozama bisibisi: toa huo mmoja tu, weka mpya wenye dawa, usibomoe ukuta. Picha ukiweza tuma.

Binti wa Reli

Picha nitatuma kesho mchana, sasa hivi umeme umekatika. Kaka kachagua bluu. Je, mbao za papi nikizifuata Lushoto kwa gari la mizigo pamoja na jirani yangu anayejenga, inalipa, au nauli inakula faida?

Fundi Kenchi

Kwa papi za upande mmoja peke yako hailipi. Mkichangia gari na jirani inalipa, ila uliza kama zimetiwa dawa kweli au zimepakwa rangi ya kijani tu. Kata kipande kichwani uangalie: dawa iliyoingia inaonekana ndani ya mbao, rangi inaishia juu.