German Shepherd, Malinois au Kangal: yupi wa kukaa na familia?

BabaNuru
Wakuu, habari za jioni. Nataka mbwa mkubwa wa nyumbani, azoeane na watoto lakini usiku mtu akisogea getini ajue pana mwenyewe. Nimebakiwa na watatu wa kuchagua. Wa kwanza ni mtoto wa German Shepherd, jike, yuko kwa mtu ninayemfahamu. Wa pili ni Malinois dume wa miaka miwili, mwenyewe anahama na anamtoa bure. Wa tatu ni mtoto wa Kangal, huyo nimeonyeshwa picha tu. Jumapili natakiwa nimpe jibu mwenye Malinois. Mnanishauri nini?

Kijiti
German Shepherd, mkuu. Chukua jike, hutajuta. Mimi ninaye na wala sifikirii aina nyingine.

Mfugaji_wa_Zamani
Kabla hatujamshauri, BabaNuru tuambie kwanza. Watoto wana umri gani? Uzio una urefu gani? Nani anashinda nyumbani mchana? Umewahi kufuga mbwa au huyu ndiye wa kwanza? Na huyo mtoto wa German Shepherd ana wiki ngapi? Umetutajia mbwa watatu, lakini nyumba wanayokwenda hujatutajia.

Dada_Rehema
Mimi namtetea Malinois. Nipo na wa pili sasa, wa kwanza alikufa kwa uzee. Ni mwepesi, dume ana kilo 25 hadi 30, wakati dume wa German Shepherd anafika 40. Anajifunza kitu kwa kuonyeshwa mara mbili. Watu wanamwogopa kwa sababu wamemwona kwenye video za polisi akining'inia kwenye mkono wa mtu. Nyumbani kwangu analala miguuni pangu. Asubuhi nakimbia naye saa nzima, jioni namfichia vitu avitafute kwa kunusa, basi ametosheka.

Kijiti
Dada, umesema mwenyewe. Saa nzima asubuhi, na jioni tena. Ni nani mwenye familia anaweza hilo kila siku, mvua inanyesha, mtoto anaumwa?

Dada_Rehema
Anayempenda mbwa anaweza. Na German Shepherd naye anataka mazoezi, usimdanganye mwenzako. Wengi wanaolala kwenye kibaraza siku nzima wananenepa, halafu nyonga zinawamaliza.

Mfugaji_wa_Zamani
Wote wawili mko sahihi kwa nusu. Tumsaidie kwanza kuelewa jambo moja ambalo watu wanalichanganya. Tukisema "mbwa wa mchungaji" tunaweka pamoja mbwa wa kazi mbili tofauti kabisa.

German Shepherd na Malinois wametokana na mbwa wa kuswaga. Kazi yao ilikuwa kulizunguka kundi, kulizuia lisivuke mpaka wa malisho, kumrudisha anayechomoka. Kwa hiyo jicho lao linafuata kitu chochote kinachokimbia, na masikio yao yako kwa bwana wao muda wote.

Kangal wa Uturuki ni kazi nyingine. Yeye haswagi. Anakaa katikati ya kondoo kama mmoja wao na kumkabili mbwamwitu akija. Anakua hadi kilo 50 na zaidi. Kule Namibia, shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund wamekuwa wakiwapa wafugaji mbwa wa jamii hii tangu 1994, wanakulia zizini pamoja na mbuzi. Duma akiona mbwa mkubwa anabweka anaondoka, na mfugaji hana tena sababu ya kumpiga duma risasi. Ni kazi nzuri mno. Lakini mbwa wa namna hiyo amezaliwa kuamua mwenyewe bila kusubiri amri, na usiku anabweka kwa kila kinachopita. Ukimweka kwenye kiwanja kidogo chenye majirani pande tatu, mtagombana na watu kila asubuhi. Picha ya Kangal mdogo inavutia. Mimi ningemwondoa kwenye orodha leo hii.

MamaPendo
Naomba niseme yaliyonikuta, ni marefu kidogo mnivumilie.

Tulikuwa na German Shepherd dume tukamwita Zoro. Tulimchukua ana wiki tano, kwa sababu mwenye mbwa mama alisema ameshaanza kula mwenyewe. Hatukujua kitu. Mchana tulikuwa tunatoka wote, yeye anabaki amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa. Hakuna aliyewahi kumtoa nje ya geti. Kwa watoto wangu alikuwa mpole sana, binti yangu mdogo alikuwa analala amemwegemea ubavuni.

Alipofika mwaka mmoja na miezi miwili, walikuja watoto wa dada yangu, wanne. Siku hiyo tulimfungua. Wakaanza kukimbizana kuzunguka nyumba. Nilikuwa dirishani jikoni, namwona. Mwanzo alisimama tu, kichwa kimeshuka usawa wa mabega, hatoi meno, habweki. Kisha akaanza kuwazunguka kwa nje. Mtoto akichomoka, anamkata mbele, anamrudisha kwa wenzake. Watoto wanacheka, na mimi nikacheka, nikasema anacheza nao. Wakaishia wote kwenye kona kati ya ukuta na tangi la maji. Mvulana wa miaka sita akachomoka tena akipiga kelele za furaha, na Zoro akamdaka kisigino. Mara moja tu. Akaachia, akarudi nyuma, akasimama kama anasubiri kusifiwa. Ile sura yake hainitoki mpaka leo.

Vilikuwa vitundu viwili juu ya kisigino, kimoja kimeingia ndani. Tulichofanya ni kufunga kitambaa na kukimbia hospitali. Daktari aliposikia hatukuosha alisikitika sana. Alituambia jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji mengi dakika 15 nzima, ndipo mtu aondoke nyumbani. Akauliza kadi ya chanjo ya mbwa. Tuliitafuta nyumba nzima hatukuiona. Basi mtoto akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, anarudi tena na tena, kwa sababu ya karatasi tuliyoipoteza sisi watu wazima. Dada yangu hakuniletea watoto mwaka mzima.

Zoro tulimpa mtu mwenye shamba. Siku ya kuondoka aliruka mwenyewe ndani ya gari, anatikisa mkia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya lile geti tangu tumlete.

Kijiti
Pole sana mama. Huyo alilelewa vibaya tu, aina yake haina kosa.

MamaPendo
Ndivyo ninavyosema mwanangu. Kosa lilikuwa letu. Ndiyo maana nataka BabaNuru ajibu yale maswali.

Mfugaji_wa_Zamani
Pole MamaPendo, na asante kwa kusema wazi. Zoro hakuwa mkali. Aliona kundi limetawanyika akalikusanya. Mbwa kama huyo anatakiwa kufundishwa tangu mdogo kwamba visigino vya watoto haviguswi, na watoto nao wanafundishwa kusimama wima kama mti mbwa akianza kuwazunguka. Na wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndizo zinazomjenga: wageni, watoto, pikipiki, miavuli, kila kitu akione akiwa na utulivu. Zoro alizipitisha karibu zote nyuma ya nyumba.

Chuma
Mnazungumzia German Shepherd lakini mzee wangu alikuwa na Alsatian, wale ndio walikuwa mbwa. Wakubwa, mgongo umenyooka. Hawa German Shepherd wa sasa mgongo unateremka kama kilima. BabaNuru atafute Alsatian.

Mfugaji_wa_Zamani
Ni mbwa yuleyule, Chuma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakutaka kutamka jina la Ujerumani, wakamwita Alsatian. Chama chao cha mbwa kilirudisha jina la German Shepherd rasmi mwaka 1977.

Chuma
Sikubali. Nimewaona wote wawili kwa macho yangu, hawafanani.

Mfugaji_wa_Zamani
Ulichoona ni koo mbili za aina moja. Wapo wanaozalishwa kwa maonyesho na wapo wa kazi. Kuhusu mgongo unaoteremka nakuunga mkono kabisa, mimi mwenyewe simchukui mbwa anayetembelea visigino vya nyuma. Max von Stephanitz aliyeianzisha aina hii mwaka 1899 alitaka mbwa wa kazi, na mbwa wake wa kwanza, Horand, alisimama sawasawa, ukitazama picha zake utaona.

BabaNuru
Samahanini, nilikuwa kazini. Watoto ni wawili, wa miaka saba na wa miaka mitatu. Uzio ni wa ukuta, unanifikia kifuani. Mimi na mke wangu tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Anayeshinda nyumbani ni mama mkwe, na goti lake moja linamsumbua, anatembelea fimbo. Mbwa mkubwa sijawahi kufuga. Wiki za yule mtoto sijauliza. Nilisahau pia kusema kwamba Malinois alishawahi kuruka ukuta kwa mwenyewe mara mbili.

Dada_Rehema
BabaNuru! Hilo la kuruka ukuta ndilo lilikuwa la kusema kwanza. Ukuta wa kifuani kwa Malinois ni kizingiti tu. Na mama mwenye fimbo hawezi kumshika huyo dume akiona paka. Nampenda sana Malinois, lakini kwa nyumba hiyo naona tabu. Labda kama utamtoa wewe mwenyewe alfajiri na jioni bila kukosa, na kuinua ukuta.

MamaPendo
Mtoto wa mbwa naye atamwangusha bibi. Akifika miezi saba ana nguvu za mtu mzima na akili ya kitoto. Mmeuliza mama mkwe anataka nini?

BabaNuru
Hapana, hatujamuuliza.

Chuma
Muulize. Suala la kupe je? Nyasi mnazo? Mimi wangu nawachoma ivermectin ya ng'ombe, sioni kupe.

Tabibu_wa_Mifugo
Chuma, tafadhali acha, na mwingine yeyote asiige. Hii ndiyo kazi yangu na nimeshampokea mbwa mezani anapepesuka, mate yanamtoka, haoni, kwa sababu ya dawa hiyohiyo ya ng'ombe. Mbwa wengi wa jamii ya uchungaji, Collie akiongoza, wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni iitwayo MDR1. Kizuizi kinachozuia dawa isiingie kwenye ubongo hakifanyi kazi kwao. German Shepherd pia wamo wenye hitilafu hiyo, na kwa macho huwezi kumjua nani anayo. Tumieni dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa uzito wake.

BabaNuru, kwa German Shepherd ongeza mambo mawili. Uliza kama wazazi wote wawili walipigwa eksirei za nyonga, kwa sababu ugonjwa wa nyonga unarithiwa, na usimlundikie kalsiamu mbwa anayekua, inaharibu mifupa badala ya kuijenga. La pili ni tumbo. Mbwa hawa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Ukimwona anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma, usisubiri kukuche. Ni suala la saa chache.

Chuma
Sawa daktari. Nilikuwa sijui. Nitakuja kwa ushauri kuhusu wangu wawili.

BabaNuru
Leo nimekwenda kumwona German Shepherd. Nilimtaka mwenyewe anionyeshe mama yake. Alitoka kwenye kibanda, akanisogelea, akaninusa viatu na magoti, akarudi kulala kwa wanawe. Hakubweka. Nilimpenda palepale. Lakini watoto wana wiki tano na nusu, na mwenyewe anataka tuwachukue wikiendi hii. Eksirei hajapiga. Mke wangu naye kamwona Malinois kwenye video anamtaka yeye. Mama mkwe anasema mbwa yeyote sawa, asilale jikoni.

MamaPendo
Wiki tano na nusu, hapana. Mwache na mama yake mpaka nane. Pale ndipo anafundishwa na ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza. Lipa malipo ya awali akuhifadhie.

Dada_Rehema
Shemeji yangu huyo anayemtaka Malinois aje asubuhi moja tukimbie wote. Nasema kwa dhati, akishaona ratiba yetu ndipo aamue.

BabaNuru
Nitamwambia. Mwenye Malinois nimemwomba aniongezee wiki moja. Hajajibu.

Kijiti
Kabla uzi haujalala, naomba kuuliza langu. Jike wangu ana miezi minne na nusu. Sikio la kulia lilikuwa limesimama, juzi limeanguka tena, la kushoto limesimama. Nilifunge kwa plasta?

Mfugaji_wa_Zamani
Ameanza kung'oa meno ya utotoni?

Kijiti
Ndiyo, jana nimeokota moja kwenye mkeka.

Mfugaji_wa_Zamani
Basi liache. Kipindi cha meno masikio yanapanda na kushuka. Meno ya utu uzima yakishatoka yote na sikio bado limelala, njoo tena hapa utuwekee picha.