Naomba ushauri: naezeka upya, bati la geji 28 au 30?

Kibarazani
Habari zenu wanajukwaa. Nina nyumba ya vyumba vitatu, paa lake lina miaka kama 20 hivi na limechoka. Kutu imekula mabati mpaka ukitazama kutoka ndani mchana unaona nukta nukta za mwanga, na mvua ikianza tunatawanya ndoo na sufuria. Huku kwetu msimu wa dhoruba hauna masihara, na umebaki mwezi na siku chache. Nataka kuezeka kabla haujafika. Swali langu ni hili: geji 28 au 30? Na je, lazima kuezua ya zamani, au mapya yanaweza kupigwa juu yake? Fundi anasema kupiga juu ni siku mbili kazi imekwisha. Wenye uzoefu nisaidieni, usingizi sipati.

Mpiga Randa
28. Kumbuka namba ikiwa ndogo ndiyo bati nene, wengi huingizwa mjini hapo. Kupiga juu ya bati la zamani usikubali: unyevu unanaswa katikati, lile la chini lina kutu, litalila na hilo jipya. Halafu utakuwa umefunika mbao ambazo hujaziona. Mbao zikoje?

Shangazi Zawa
Mwanangu, mimi nakwambia rangi. Chukua rangi ya kung'aa, nyeupe au kijivu cheupe. Mimi nilipaua kwa rangi iliyokolea kwa sababu jirani alipaua hivyo na nikapenda, sasa mchana chumbani hakukaliki, nahamia chini ya mwembe mpaka jua lishuke. Rangi nyeupe hurudisha joto. Hili hakuna fundi atakayekwambia.

Kijogoo
Kwa hiyo nyie maji ya kuoga hamchoti kabisa? Raha iliyoje.

Mzee Kobe
Watu wengi hukumbuka paa siku inaponyesha. Kiangazi chote ulikuwa wapi? Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, leo tunayaona.

Kibarazani
Mzee wangu, kiangazi chote nilikuwa natafuta pesa. Shangazi ahsante, rangi nimeiandika. @Mpiga Randa mbao kwa kutazama ziko sawa. Tusitoke kwenye geji tafadhali.

Mpiga Randa
"Kwa kutazama" ukiwa wapi? Umesimama sebuleni au umepanda darini? Na kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimefungwaje kwenye ukuta: kwa mkanda wa chuma, kwa waya, au ni misumari tu? Dada (au kaka), jibu hili kwanza. Geji inaweza kusubiri.

Bwana Mizani
Naunga mkono. Shemeji yangu alinunua mabati mazuri, mazito, ya rangi. Upepo ulipokuja haukung'oa bati hata moja. Ulichukua paa zima na mbao zake, ukaliweka kwenye shamba la mihogo likiwa limeungana vilevile, kama mtu aliyefunua sufuria akaweka mfuniko pembeni.

Kibarazani
Mimi ni dada. Sawa, niseme yote.

Dhoruba ya mwisho, usiku, tulisikia upande wa mbele ukinyanyuka na kujibwaga. Mara mbili. Vumbi lilimwagika kitandani kwa mama. Asubuhi nikaona pale mbao zinapolalia ukuta kuna uwazi, kiganja changu kinapita kikiwa kimelala. Jioni taa ikiwashwa chumbani, ukiwa nje unaona mstari wa mwanga kati ya ukuta na mbao. Sikusema kwa sababu fundi alisema hiyo ni kawaida ya nyumba za zamani, bati jipya likishapigwa uzito wake utaikalisha chini.

Nondo12
Dada, huyo fundi amekudanganya au hajui. Ngoja nieleze taratibu, maana hili ndilo tatizo lako, geji ni la mbali sana.

Upepo mkali haukandamizi paa, unalinyonya kwenda juu. Ukipita juu ya mteremko unaacha mvuto, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia ya paa, kule kileleni. Mlango ukifunguka au dirisha likivunjika, upepo unaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Sasa paa linavutwa juu na kusukumwa juu kwa pamoja. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Bati ni jepesi, uzito wake hauwezi kukalisha chochote mbele ya nguvu hiyo.

Kinachoshika paa ni mnyororo: skrubu inashika bati kwenye papi (mbao nyembamba ambazo bati hupigwa juu yake), papi inashikwa kwenye kenchi, kenchi kwenye wolpleti (ubao unaolala juu ya ukuta), wolpleti kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Wako umekatika kwenye kenchi na ukuta. Ukipiga bati jipya, tena imara, pigo lijalo litaondoka na paa zima kama la shemeji wa Bwana Mizani. Na pale paliponyanyuka ndipo anapolala mama. Leo asilale pale.

Mzee Kobe
Mama kwanza. Hapo hakuna mjadala.

Kibarazani
Nawaelewa, lakini na nyinyi nieleweni. Mabati nimeshanunua. Ni geji 30, yako barazani chini ya turubai tangu wiki iliyopita. Fundi nimempa malipo ya awali, anakuja Jumamosi. Mkisema nivunje kila kitu, nikianza mbao na mikanda msimu utanikuta nyumba iko wazi. Si bora paa bovu kuliko kutokuwa na paa? Huyu fundi ndiye aliyepaulia nusu ya mtaa wetu.

Kijogoo
Uliuliza 28 au 30 na 30 imo barazani! 😂

Makini Sana
Jamani mnachoshwa bure, hii ni chai. Someni vizuri. Mwanzo paa lina "miaka kama 20 hivi". Nimefungua nyuzi zake za zamani: mwaka jana aliandika nyumba ilipauliwa na marehemu baba yake yeye akiwa hajazaliwa, na huko huko akasema ana miaka 34. Paa moja, umri miwili. Na ana pesa ya mabati lakini hana ya mikanda ya chuma? Kesho atakuja mtu hapa na namba ya simu ya kuuza bati.

Bwana Mizani
Hmm. Mleta uzi njoo ujibu hili.

Shangazi Zawa
Hata kama ni chai, mimi ushauri wangu wa rangi nimeutoa kwa nia njema.

Kijogoo
Kama ni chai basi aongeze vitafunwa.

Kibarazani
Makini Sana, si chai. Nyumba ni ya mama. Nimeandika "nina nyumba" kwa sababu mimi ndiye ninayeibeba, wenzangu wako mbali na kila mmoja ana lake. Sebule na chumba cha mama vilipauliwa na baba, kweli sijazaliwa. Vyumba viwili vya nyuma viliongezwa baadaye, hivyo ndivyo vya miaka 20. Niliandika umri wa vyumba vya nyuma kwa sababu niliogopa mtaniambia nibomoe. Paa alilopiga baba kwa mikono yake, mama hataki lishushwe. Kila nikimgusia ananyamaza anatoka nje. Kupiga juu ilikuwa njia ya kuezeka bila kulishusha. Namba ya simu ya mtu sina.

Makini Sana
Nimekuelewa dada. Samahani, nimekuumiza.

Nondo12
Pole sana. Na sasa umeeleza hata panapovuja. Mapaa mawili yanapokutana kuna bonde, maji ya pande zote mbili hukimbilia hapo. Naamini ndoo nyingi mnaziweka kwenye mstari huo. Nimekosea?

Kibarazani
Hujakosea. Zinapangana mlangoni kwa mama mpaka koridoni.

Nondo12
Basi hatubomoi nyumba na mabati yako hayatupwi. Geji 30 inaweza kukaa vizuri, ila papi zisogezwe karibu karibu, na kwenye kingo na pembe zikaribiane zaidi. Skrubu badala ya misumari, zenye mpira chini ya kichwa, zikazwe zisiminye mpira mpaka ukapasuka. Bati jembamba hushindwa pale kwenye skrubu. Kimbunga Tracy kilipopiga Darwin kule Australia, Desemba 1974, mabati mengi yalichanika kuzunguka vichwa vya skrubu kwa kutikiswa mara nyingi mno, skrubu zenyewe zikabaki kwenye mbao. Kwa hiyo skrubu nyingi, nguvu igawanyike.

Anzeni upande wa mbele peke yake, siku isiyo na mvua. Eneo mnaloezua asubuhi liwe ndilo mtakalofunika jioni. Mbao nzima za baba zibaki, zilizooza tu zibadilishwe, na kila kenchi ifungwe mkanda wa chuma uliopakwa zinki, upite juu ya mbao na kushuka ukutani pande zote mbili, siyo kupigiliwa msumari mmoja wa mshazari. Mama umwambie hivyo: kazi ya baba haishushwi, inafungwa.

Mpiga Randa
Kabla ya yote hayo panda darini na tochi na bisibisi. Choma kila kenchi pale inapogusa ukuta. Mbao nzima inagoma. Usikanyage dari, kanyaga mbao, na mtu akushikie ngazi.

Kibarazani
Nimeshuka sasa hivi. Kenchi ziko tisa upande wa mbele. Sita zimegoma, bisibisi haikuingia hata kidogo, na mbao bado ina alama ya penseli ya baba, namba kwa namba. Tatu za upande wa bonde bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, sikusukuma. Ndani ni unga mweusi uliolowa. Hizo tatu ndizo ziko juu ya kitanda.

Mama amehamia chumba cha nyuma. Nilimpandisha ngazi mpaka akaona namba, kashika ile ya kwanza kwa muda, halafu akasema hizo tatu zitolewe. Fundi nimempigia, amekasirika kidogo, kasema Jumamosi atakuja na mbao kama nitazilipia. Mikanda hajawahi kuweka.

Mpiga Randa
Atajifunza kwako. Pima umbali kutoka kenchi moja hadi nyingine, na upana wa mbao yenyewe, nikuhesabie urefu wa mkanda.

Kibarazani
Narudi juu na futi. Nipeni dakika kumi.