Mjadala: Daraja lililolipuliwa na adui, la muda likae juu ya kuta za zamani au pembeni?

Mwanzisha mada: Chukueni Kyaka, mto Kagera. Jeshi la Idi Amin liliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 3 Novemba likalikata daraja kwa baruti baada ya mabomu ya ndege kulikosa. JWTZ, jeshi la Tanzania, ikavuka kwa daraja la kuelea, baadaye likaja la Bailey, yaani la paneli za chuma zinazoungwa kwa pini. Eneo likishakombolewa, hilo la muda liwekwe wapi: juu ya kuta za ukingoni zilizobeba ncha za daraja la zamani, au pembeni yake?

Zege28: Pembeni. Ukilikalisha Bailey juu ya kuta za zamani, mkandarasi wa daraja la kudumu hana pa kuanzia, na hakuna mkuu wa wilaya atakayekubali barabara ifungwe mara ya pili. Ndipo "la muda" linapozeeka: pini zinalika, matundu ya paneli yanatanuka, katikati panabonyea, mbao za sakafu zinaoza. Wa chuma chakavu nao wanachomoa vibanio vya pini usiku.

Mhandisi Medani: Ndugu Zege, na mabomu ya ardhini? Mchepuko wa mita 150 kila upande, upana mita 12, ni mita za mraba 3,600. Mteguaji mmoja akimaliza 30 kwa siku, hizo ni siku 120.

Zege28: Mteguaji mmoja! Weka kumi, ni siku 12. Zege lenyewe linangoja siku 28 kufikia nguvu yake.

Mhandisi Medani: Hesabu hiyo ni ya ardhi kavu. Kando ya Kagera ni kinamasi: bomu linahama na tope, na kifaa cha kutambua chuma kinalia kwa kila kipande cha kombora. Siku 12 zako zinakuwa miezi.

Pini Mbili: Wakubwa, mnagombania mahali kabla ya kupima kuta. Baruti ikikata chuma, ukuta waweza kuonekana mzima kumbe umepasuka nyuma. Fukua kifusi mgongoni mwake, mwaga maji juu uone nyufa zinazonywa, kisha shusha timazi. Ukiwa umeinama, hapo hapafai, hata mabomu yawe mangapi pembeni.

Ukiwa mzima, tuseme uwazi kati ya kuta mbili ni mita 30: paneli ya Bailey ni mita 3.05 na kilo kama 260, watu sita wanaibeba. Paneli kumi kwa safu, safu mbili kila upande, jumla 40, yaani tani 10 na ushei kabla ya mihimili ya sakafu. Daraja husukumwa juu ya rola kutoka ukingo mmoja, likitanguliwa na kiunzi chepesi kiitwacho pua; pua hiyo iwe ndefu kiasi kwamba uzito mkubwa ubaki nyuma ya rola mpaka ncha iguse ng'ambo. Wenye haraka hufupisha pua, na daraja zima linapiga mbizi. Semitrela ya tani 56 isipite kabisa kwa safu hizo mbili.

Nguzo ya muda katikati ya mto, hapana. Visiwa vya mafunjo vinavyoelea vitaisukuma. Na chuma kilichoanguka kitolewe kwanza, maana kinageuza mkondo na maji yanachimba chini ya ukuta huohuo mnaotaka kuutumia.

Zege28: Kwenye kuta nimekubali. Lakini tarehe ya kuling'oa iandikwe kwenye mkataba wa la kudumu, siku ileile ya kulisimika.

Mhandisi Medani: Iandikwe, na mlinzi wa pini alipwe kila mwezi.