Kupiga picha skrini za wafanyakazi: kutazuia orodha ya wateja kuvuja?

Mwenye_Zamu:
Wakuu, ofisi ina wafanyakazi 12 na seva moja ya Windows yenye folda ya wateja. Tunahisi orodha inatoka nje. Bosi anataka programu ya kupiga picha skrini za wote kila dakika 5 na kurekodi kila herufi inayobonyezwa. Niiweke kimyakimya, au kuna njia nyingine?

Bawabu_wa_Logi:
Piga hesabu kwanza. Kwa saa 8 ni picha 96 kwa mtu, 1,152 kwa siku. Nani atazitazama? Na kuhamishia faili kwenye flashi ni sekunde chache tu, kunapita katikati ya picha mbili. Hiyo ya kurekodi kibodi ndiyo mbaya zaidi: inarundika nywila za watu wote, hata za benki zao, mahali pamoja. Mdukuzi akiipata hana haja ya kuhangaika na seva.

Chunga folda. Washa ukaguzi wa faili kwenye sera ya usalama ya seva, kisha uuwashe tena kwenye folda yenyewe. Wengi hufanya la kwanza tu, halafu wanashangaa logi (daftari la matukio ya seva) tupu. Ikikaa sawa, tukio namba 4663 litakuonyesha akaunti, faili na muda. Halisemi kama faili ilinakiliwa au ilisomwa tu, kwa hiyo angalia mwenendo: akaunti moja ikifungua faili 300 ndani ya dakika mbili, huko si kusoma.

Logi ya usalama kwa kawaida ina MB 20, ikijaa inafuta ya zamani. Ipandishe hadi GB 1, nakala iende mashine nyingine. Ukiona tukio 1102, kuna aliyeisafisha.

Funguo_Tatu:
Kabla ya hayo, mna akaunti ya pamoja? Watu watatu wakiingia kwa jina "mapokezi", logi itaandika "mapokezi" na hutajua ni nani. Kila mtu awe na yake.

Na anayeacha kazi: kufunga akaunti peke yake hakutoshi, simu yake inaweza kubaki ndani ya barua pepe kwa muda. Katisha vipindi vyote (kila kifaa alichoingilia kitoke), kisha tazama kama aliweka kanuni ya kupeleka nakala za barua kwenye anwani ya nje. Hili husahaulika sana.

Karani_Mkuu:
Kimyakimya, usithubutu. Katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania (5 Septemba 2017), Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema faragha ya mfanyakazi haikulindwa. Kanuni za ofisi zilikataza matumizi binafsi ya kompyuta, lakini hakuambiwa mapema kwamba ujumbe wenyewe ungeweza kusomwa. Hata nje ya Ulaya, andika waraka: kinarekodiwa nini, kwa sababu gani, nani anasoma, kinakaa siku ngapi. Wasaini.

Mwenye_Zamu:
"Mapokezi" ipo kweli, na bosi mwenyewe anaitumia. Ukaguzi wa folda niwawekee wachache tu?

Bawabu_wa_Logi:
Weka kundi la watu wote, bosi akiwemo. Chagua kusoma na kufuta tu. Ukitia alama kila kitu logi itafurika.